Jinsi ya kuyakinga mafuta ya alizeti yasichache kwa rozmari, karafuu na ufuta

Kila msimu wa kukamua alizeti ukiisha, maswali huja yale yale. Nimekamua madumu matatu, nifanye nini yafike Krismasi bila kunuka? Karafuu inasaidia kweli au ni maneno ya watu? Nimesikia mlonge unazuia mafuta kuharibika, niweke majani mangapi? Mafuta yangu yameshaanza harufu, nitie nini yarudi?

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalowapotezea watu mafuta na fedha. Mafuta yaliyokwisha chacha hayarudi. Hakuna jani, kiungo wala dawa ya kuyarudisha. Karafuu itafunika harufu kwa muda, lakini uharibifu utabaki mle mle na utaendelea. Mmea unaokinga mafuta hutiwa yakiwa mapya, ikiwezekana wiki ile ile yalipotoka mashineni.

Mwongozo huu ni wa anayekamua alizeti yake kwenye mashine ya mtaani, au anayenunua dumu zima la mafuta ya kienyeji akae nalo miezi kadhaa. Mafuta ya dukani yaliyosafishwa kiwandani mara nyingi yameshatiwa kinga yake, soma lebo. Ukipenda unaweza kuyafanyia haya haya, ila faida utaiona zaidi kwenye mafuta ya kukamua.

Kinachotokea ndani ya dumu

Mafuta ya alizeti ya kawaida yana asidi ya linoleiki nyingi, kwa kawaida zaidi ya nusu ya asidi zake zote, na asidi hiyo hushambuliwa upesi na oksijeni. Mwanga, joto, na chembe za shaba au chuma huharakisha kazi. Ikishaanza, hujiendeleza yenyewe: molekuli moja iliyoharibika huiharibu ya jirani. Antioksidanti, yaani kinga dhidi ya oksijeni, hukatiza mnyororo huo kwa kujitoa yenyewe, kwa hiyo nayo hutumika na kwisha. Ndiyo maana inachelewesha tu, haizuii milele. Alizeti yenyewe inakuja na vitamini E nyingi ya asili inayofanya kazi hiyo hiyo. Wewe unaiongezea msaidizi.

Si kila mafuta yanahitaji haya. Ya nazi yana asidi chache sana za aina hiyo dhaifu, na yakiharibika mara nyingi kisa ni maji yaliyobaki ndani, ndipo yanapotoa ladha ya sabuni. Mawese mekundu yana kinga yake nzuri ya asili. Alizeti, soya, mahindi na pamba ndiyo ya kuhangaikia.

Uchague mmea upi

Rozmari ndiyo chaguo langu la kwanza. Majani yake yana asidi ya karnosiki na karnosoli, ambazo huyeyuka kwenye mafuta na kustahimili joto la jikoni kuliko vitu vingi vya kunukia. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya uliruhusu dondoo la rozmari litumike kwenye vyakula kwa kazi hii hasa, na kwenye lebo huandikwa E 392. Nairobi utaiona imepandwa kama ua wa nyumba, na hustawi kwenye maeneo ya baridi. Usichume ile ya kando ya barabara yenye magari mengi, wala ya bustani inayopuliziwa dawa.

Karafuu inafuata. Nguvu yake ni yujenoli, ile inayoipa harufu yake. Ni kinga nzuri ya mafuta yanayokaa stoo, lakini kwenye kikaango yujenoli huondoka pamoja na mvuke, kwa hiyo usiitegemee kwa chipsi au maandazi. Ladha yake pia ina watu wake: kwa pilau na mchuzi wa nyama inafaa, kwa mboga za majani wengi hawaipendi. Chagua karafuu kavu nzuri. Ibane kichwa kwa ukucha. Iliyo nzima huacha unyevunyevu wa mafuta kwenye ukucha na kunuka palepale. Ile inayovunjika kama kijiti bila kunuka iache. Makonyo ya Pemba, vile vijiti vya karafuu, nayo yana yujenoli, na ukiyapata safi yanafaa, ila huja na vumbi jingi. Yachambue.

Ufuta ndio njia rahisi kuliko zote, kwa sababu huhitaji kupika chochote. Mafuta ya ufuta uliokaangwa kabla ya kukamuliwa yana sesamoli, antioksidanti kali inayoongezeka wakati wa kukaanga mbegu. Unachanganya tu sehemu moja ya ufuta na tisa za alizeti. Aliye Lindi au Mtwara hana sababu ya kutafuta kingine. Wasiwasi wake ni mmoja, nao si mdogo: kuna watu wenye mzio wa ufuta, na mzio huo unaweza kuua. Anayekula chakula chako aambiwe.

Majani ya chai, rosela na mapera yana antioksidanti nyingi, lakini huyeyuka kwenye maji na si kwenye mafuta. Ukiyatumbukiza kwenye dumu yatakaa chini na kukuachia unyevu. Mlonge uko kwenye kundi hilo kwa sehemu kubwa, na ubichi wake wa kijani una tatizo jingine nitakalolieleza hapo mbele. Kwa jikoni la nyumbani siushauri.

Vitu vya kuandaa (kwa lita 5)

- Mafuta ya alizeti mapya lita 5, yaliyotulia na kuchujwa
- Rozmari kavu gramu 40, au karafuu kavu gramu 10, au mafuta ya ufuta uliokaangwa nusu lita (ukitumia ufuta, alizeti iwe lita 4 na nusu)
- Mizani ndogo ya jikoni. Vijiko vinadanganya, maana rozmari iliyopondwa na isiyopondwa hazijai sawa
- Sufuria mbili, ndogo iingie ndani ya kubwa, za alumini au za stenlesi
- Kipimajoto cha jikoni, kama unacho
- Kitambaa safi cha marekani, kikavu kabisa
- Chupa za glasi zenye rangi nyeusi au kahawia, au madumu mapya ya chakula yenye vifuniko vinavyobana
- Karatasi ya kaki au gunia la kufunikia, kalamu na gundi ya karatasi

Usitumie chombo cha shaba, wala debe lenye kutu hata kidogo. Chembe chache za shaba kwenye mafuta zinaweza kuifuta kazi yote ya rozmari.

Hatua kwa hatua

1. Kausha majani kivulini. Funga matawi ya rozmari mafungu madogo, yaning'inize ndani ya nyumba penye hewa inayopita, mbali na moshi. Usiyaanike juani. Yako tayari jani likivunjika kwa mlio ukilikunja. Likipinda tu, lina maji bado, rudisha. Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayowaharibia kazi. Maji ndani ya mafuta huleta ukungu na ladha kali, na kuna hatari kubwa zaidi nimeieleza kwenye makosa.

2. Osha chombo hadi kisahaulike kilikuwa na mafuta. Pitisha kidole mdomoni mwa dumu la zamani, kwenye mikunjo ya uzi wa kifuniko. Ukigusa kitu kinachonata cha rangi ya asali, hayo ni mafuta ya zamani yaliyokwisha chacha na kuganda. Ukimimina mafuta mapya juu yake umeyapandia mbegu ya uharibifu siku ya kwanza. Osha kwa maji ya moto na sabuni, sugua uzi kwa mswaki, suuza sana, kisha kigeuze kichwa chini siku nzima kikauke. Kinachonata kikikataa kutoka, dumu hilo liwe la maji ya kumwagilia.

3. Acha mafuta yatulie. Yakitoka mashineni huwa na vumbi la mashudu, gamu na maji kidogo. Yaweke penye giza siku tatu hadi tano, kisha mimina ya juu taratibu bila kutikisa, uache mashapo chini. Hayo mashapo yatumie kwanza jikoni au usiyatumie kabisa, lakini yasirudi kwenye dumu la kuhifadhi.

4. Tenga nusu lita. Hii ndiyo utakayoipasha moto na mmea. Lita 4 na nusu zilizobaki zikae pembeni zimefunikwa. Hakuna haja ya kupasha mafuta yote, maana kila joto unaloyapa linayala umri.

5. Ponda mmea sasa hivi, si jana. Rozmari isage kidogo kwenye kinu hadi majani yavunjike vipande vidogo, isiwe unga. Karafuu zivunjevunje tu. Unga laini hauchujiki na utakuachia mafuta yenye ukungu wa vumbi.

6. Pasha kwa joto la maji. Tia maji kwenye sufuria kubwa, iweke ndogo yenye mafuta na mmea ndani yake, moto mdogo. Lenga nyuzi 60 hadi 70 za selsiasi kwenye mafuta. Huna kipimajoto? Maji yatoe mvuke na vipovu vidogo chini ya sufuria, lakini yasichemke. Rozmari ikae hivyo saa moja, karafuu nusu saa. Koroga mara chache kwa kijiko kikavu. Funika, lakini futa matone ya mvuke chini ya mfuniko kila unapofungua, yasidondokee ndani.

7. Epua, funika, acha hadi kesho. Mafuta yakipoa taratibu yanaendelea kuvuta kilichomo kwenye majani.

8. Chuja kwenye kitambaa kikavu. Acha yadondoke yenyewe, mwishoni bana kidogo kwa mkono mkavu. Usisokote kitambaa kwa nguvu, utasukuma vumbi la majani lipite. Hakuna jani hata moja linalobaki kwenye chupa. Zile chupa za picha zenye tawi zuri la rozmari ndani ni za mapambo.

9. Changanya. Mimina nusu lita hiyo kwenye zile lita 4 na nusu, geuza dumu juu chini polepole mara kadhaa. Usitikise kwa nguvu, unaingiza hewa. Kwa ufuta, ukimaliza hatua ya tatu ruka moja kwa moja hadi hii, umimine nusu lita ya ufuta.

10. Jaza hadi shingoni, funga, andika. Hewa iliyo juu ya mafuta ndiyo adui atakayeishi nayo miezi yote, mpunguzie nafasi. Afadhali chupa tano za lita moja zilizojaa kuliko dumu moja la lita tano utakalolifungua kila siku. Andika tarehe ya kukamua na mmea uliotumia. Zungushia kaki au gunia, weka sehemu ya baridi na giza. Juu ya jiko na dirishani hapafai.

Makosa ninayokutana nayo mara nyingi

La kwanza na la hatari kuliko yote ni kutia kitunguu saumu kibichi, pilipili mbichi au majani mabichi kwenye mafuta na kuyaacha kabatini. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na mmea mbichi una maji. Hapo ndipo bakteria Clostridium botulinum hupata makao na kutoa sumu ya botulizimu, ambayo haina harufu wala ladha ya kukuonya, na inaua. Ukitaka mafuta ya kitunguu saumu, tengeneza kidogo, weka kwenye friji, na yaishe ndani ya siku nne. Usijaribu bahati kwenye hili.

La pili ni kuzidisha. Mtu anaona gramu 40 zimefaa anaweka 200. Mafuta yanakuwa machungu, na baadhi ya antioksidanti zikizidi hugeuka kusaidia uharibifu badala ya kuuzuia.

La tatu ni ule ubichi wa kijani. Klorofili kutoka kwenye majani ikipigwa na mwanga huharakisha mafuta kuchacha. Mafuta yako ya rozmari yakiwa na ukijani kidogo hayana shida gizani, lakini yakiwekwa kwenye chupa nyeupe juani yanaweza kuharibika upesi kuliko yasiyotiwa kitu. Kila ninapoona madumu meupe ya alizeti yamepangwa juani kando ya barabara kuu huko Singida, huwa nawasikitikia wanaoyanunua kwa ajili ya kuweka. Ukinunua hapo, omba yaliyokaa ndani ya banda.

La nne ni mafuta ya karafuu ya chupa ndogo, yale ya kutuliza jino linalouma. Hayo ni makali sana, na mtoto akiyanywa kidogo tu yanaweza kumdhuru ini. Tumia karafuu zenyewe.

La tano ni kuongezea mapya juu ya yaliyobaki dumuni. Maliza, osha, kausha, ndipo ujaze.

Jipimie mwenyewe

Usiniamini kwa maneno. Chukua chupa mbili ndogo zinazofanana, moja itie mafuta yaliyotiwa mmea, nyingine mafuta yale yale bila kitu. Zijaze nusu tu, zifunike kwa kitambaa badala ya kifuniko, zizungushie kaki, ziweke pamoja penye joto, kama rafu iliyo karibu na jiko. Mara moja kwa wiki mimina kijiko kimoja cha kila moja kwenye glasi, funika kwa kiganja, ipashe kwa joto la mkono wa pili dakika moja, kisha nusa. Mafuta yanayoanza kuchacha hunukia kadibodi au njugu za zamani, baadaye rangi ya ukutani. Ukionja tone, hukereketa koo. Angalia ipi inaanza na kwa muda gani inatangulia. Hapo utajua kipimo chako kinatosha au kiongezwe kidogo, kwa mafuta yako na hali ya hewa ya kwako.

Mambo yakienda kombo

*Mafuta yamekuwa na wingu, hayaonyeshi vizuri.* Yaweke mahali pa joto la kawaida saa chache. Yakitakata, ilikuwa baridi tu. Yakibaki na wingu, au ukaona matone chini ya chupa, maji yameingia. Mimina ya juu kwenye chombo kikavu, pasha kwa joto la maji bila mfuniko hadi yatakate, uyatumie mapema. Hayo si ya kuhifadhi tena. Ila ukiwa ulitia kitu kibichi na yamekaa nje ya friji, yamwage yote.

*Harufu ya rozmari imezidi.* Yachanganye na alizeti tupu nusu kwa nusu. Mara nyingine punguza hadi gramu 25 kwa lita 5.

*Yana uchungu.* Joto lilipanda mno au majani yalikaa zaidi ya usiku mmoja. Hayaponyeki, lakini kwa nyama ya kuchoma au viazi huliwa vizuri.

*Yamechacha ingawa nilifuata yote.* Rudi nyuma kwenye mbegu. Alizeti iliyonyeshewa shambani, iliyovunjika maganda au iliyokaa kwenye gunia lenye unyevu hutoa mafuta yaliyoanza kuharibika kabla ya mashine. Nusa mafuta siku ile ile yanapotoka. Yakiwa na harufu ya kale siku hiyo, yatumie haraka na uokoe rozmari yako.

*Naweza kutumia vidonge vya vitamini E?* Vingi vya famasi vina tokoferili asetati. Mwilini hubadilishwa ikawa vitamini E inayofanya kazi, lakini ndani ya chupa ya mafuta haikingi kitu.

*Na limau?* Viwanda hutumia asidi ya sitriki kukamata chembe za chuma na shaba. Maji ya limau ni jambo tofauti: unaongeza maji. Acha.

*Mafuta niliyokwisha kukaangia je?* Ukikaanga mara moja, chuja yakipoa, weka kwenye friji, tumia tena mapema. Yakishakuwa meusi, yakitoa povu zito au moshi kabla ya kupata moto vizuri, yatupe. Rozmari haiyaokoi.

Ukitaka kuuza

Kipimo cha pua kinatosha nyumbani, hakitoshi sokoni. Kiwango cha Codex, kanuni za kimataifa za vyakula, kwa mafuta ya kukamuliwa bila kusafishwa ni peroksidi (kipimo cha kuchacha) isiyozidi miliekwivalenti 15 za oksijeni kwa kilo, na 10 kwa yaliyosafishwa. Hiyo hupimwa maabara. Tanzania utaanzia shirika la viwango TBS, Kenya ni KEBS, na utaje kila ulichotia ndani. Kwa mafuta yenye ufuta, andika neno UFUTA kwa herufi kubwa upande wa mbele wa lebo, na umwambie muuza duka naye awaambie wanunuzi.